Miguu ya Jidayi, Gurudumu la Mihayo, Mdomo wa Kabula

Hapo zamani, enzi ambazo mwenye baiskeli ya kengele alisalimiwa kabla ya baba yake mzazi, palikuwa na mwamuzi wa mbio aliyemtangaza muuza maziwa kuwa bingwa.

Msicheke upesi hivyo. Mkimaliza kicheko sasa, baadaye mtachekea nini?

Mwamuzi huyo aliitwa Lubango, wa kijiji cha Mwang'ombo. Alikuwa amesimama penye mstari wa mwisho, mstari wenyewe umechorwa kwa majivu kukata barabara, bendera nyekundu mkononi, miwani puani. Miwani ile aliinunua Lusaka alipokuwa dereva wa malori, wala si kwamba macho yalimsumbua. Muuzaji alimwambia, "Ukiivaa unafanana na hakimu," naye akalipa bila kuuliza la pili. Kumbe ilikuwa miwani ya kusomea. Kwa karibu ilimwonyesha hadi ndevu za sisimizi. Kwa mbali ilimwonyesha ukungu wenye kelele.

Basi ndani ya ukungu ule likaja vumbi, ndani ya vumbi baiskeli, na juu ya baiskeli mwanamume anakanyaga kama aliyefukuzwa na nyuki. Lubango akapunga bendera hadi ikapasuka pindo.

"Bingwa! Bingwa huyo!"

Ngoma zikalia. Kina mama wakapiga vigelegele. Lubango akamrukia bingwa, akamkumbatia, na kifua chake kikalowa chepechepe.

"Baba," akasema bingwa, "mimi napeleka maziwa gulioni. Kama mnanunua, semeni. Kama hamnunui, niachieni, jua hili litayachachusha."

Watu wa Mwang'ombo wakacheka. Watu wa Igulwa, kijiji cha pili, wakacheka zaidi, maana mwamuzi hakuwa wa kwao. Mpiga ngoma mmoja akashindwa kujizuia:

"Lubango! Umefika Lusaka, umefika Lubumbashi, na bado hujafika kwenye tofauti ya mkimbiaji na mkebe!"

Lubango naye akacheka, akijipangusa maziwa. "Jamani, nimeendesha lori nusu ya Afrika na sikuwahi kumgonga mtu. Leo nimejua sababu. Watu walikuwa wananikimbia!"

Muuza maziwa alikwishapanda baiskeli yake aende zake, ndipo akasikia kwamba zawadi ni ng'ombe. Akashuka.

"Ng'ombe? Mbona hamkusema? Mimi ndiye niliyevuka kwanza. Watu wote wameona, hata huyu mwamuzi amenikumbatia."

"Namba yako iko wapi?" wakamuuliza, kwa kuwa kila mkimbiaji alichorwa namba ya chokaa mgongoni.

Akageuka, akawaonyesha ubavu wa mkebe. "Si hii? Lita ishirini."

Wakamfukuza kwa makofi na mbinja.

Sasa huyo ng'ombe mjueni vizuri, maana ndiye kiini cha ugomvi. Alikuwa maksai, amefundwa plau akafundika. Ukimwambia "geuka" anageuka kabla hujamaliza neno. Alitolewa kila mwaka na mjane mwenye mifugo mingi, Mayu Nshoma, na kila mwaka mama huyo aliweka sharti lilelile: "Simtoi achinjwe. Namtoa alime. Kamba moja, mkono mmoja."

Na alikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza kabisa alitoa maksai kwa timu nzima, wakakubaliana kumtumia kwa zamu. Loo, zamu! Kila mmoja alimlimisha, hakuna aliyemlisha. Maksai akafa kabla mtama haujatoa suke, na kwenye maziko yake kila mmoja alilia kuliko mwenzake, wote wakitazama ngozi.

Ndipo Mayu Nshoma akasema: kamba moja, mkono mmoja.

Na mwaka huo tunaousimulia, mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa upande wa magharibi. Mashamba ya Mwang'ombo ni ya udongo mweusi wa mbuga, na udongo ule hauna adabu: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi, na katikati ya jiwe na gundi kuna siku chache tu za kulima. Mwenye maksai wawili hulima. Mwenye maksai mmoja huwatazama wenye wawili, maana plau haivutwi na mmoja, na katika siku hizo chache hakuna anayemwazima mwenzake. Anayebaki na jembe la mkono hupanda kiraka, na kiraka hakimfikishi mtu mavuno mengine.

Timu ya Mwang'ombo ilikuwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa na maksai mmojammoja. Sasa mnaona linakoelekea.

Wa kwanza ni Jidayi, mwendeshaji; miguu mirefu kama ya korongo, na majivuno yamezidi miguu. Wa pili ni Mihayo, mwendeshaji pia, mpole, mzito, mtu wa kuhesabu pumzi zake. Wa tatu ni Kabula, mwanamke aliyekuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo. Ndiyo, manju alikuwa mmoja wa timu. Wazee wa vijiji vile walisema mbio bila nyimbo ni usafiri tu.

Na mbio zilikuwa na sheria. Zilitangazwa kila mwaka asubuhi, kabla ya kuanza, na kila mwaka hakuna aliyezisikiliza, kwa sababu ndio wakati togwa ilipokuwa inagawanywa. Mtangazaji mwenyewe alizikatisha ili asikose kata yake. Lakini zilikuwapo.

Basi bendera ya mwanzo ikashuka kule kwenye kivuko cha korongo, wakaondoka. Mbele alikuwa Malugu wa Igulwa, kijana mwenye baiskeli mpya, shati la hariri, na kioo kidogo cha kujitazama kimefungwa kwenye usukani. Wengine hufunga taa; yeye alifunga uso wake. Nyuma yake Jidayi, pua yake karibu na tandiko la Malugu. Nyuma ya Jidayi, Mihayo, akihesabu pumzi.

Wakafika penye makorongo ya magurudumu ya mikokoteni. Jidayi, akitazama kama wasichana wanamtazama, hakutazama barabara. Gurudumu lake la mbele likaingia korongoni, likajikunja kama chapati. Jidayi akaruka upande mmoja, majivuno upande mwingine.

Mihayo akafika, akashika breki.

Hapo kuna sheria ambayo wengi hawajawahi kuiona ikitumika maishani mwao: mkimbiaji anaruhusiwa kumpa mwenzake wa timu gurudumu lake. Lakini akilitoa, yeye ametoka mbioni. Hapandi tena.

"Nipe gurudumu," akasema Jidayi.

"Au mimi niendelee nalo?" akasema Mihayo. "Miguu yangu bado mizima. Sijaitumia hata nusu."

"Ukiendelea wewe utafika kesho kutwa! Mlima uko mbele, Mihayo. Mlima na wewe wapi na wapi?"

Mihayo akautazama mlima. Akamtazama Malugu akididimia ndani ya vumbi. Kisha akapiga goti, akafungua nati, akatoa gurudumu lake la mbele, akampa mwenzake. Jidayi hakusema ahsante, alisema, "Haraka!" Akaondoka. Mihayo akabaki kando ya barabara na baiskeli iliyopiga magoti kama ngamia, na wapita njia wakamuuliza kama anaiuza kwa kilo.

Sasa rudini penye mstari wa majivu, alipo Lubango wetu anayenuka maziwa. Safari hii ameivua miwani, ameitia mfukoni, na ghafla dunia imemrudia: anaona mlima, anaona barabara, anaona watu wawili wanateremka. Malugu mbele. Jidayi nyuma, anamkaribia, anamkaribia, pah! Mnyororo wa Jidayi ukakatika, ukalala barabarani kama nyoka aliyekanyagwa.

Igulwa wakashangilia. Malugu akageuka, akamwona mpinzani wake anahangaika na chuma, akacheka. Akaketi wima. Akaachia usukani. Akajitazama katika kioo chake, akarekebisha ukosi wa shati, akanyoosha mikono juu, akaanza kuwapungia wasichana mmoja mmoja kama mgombea ubunge, baiskeli ikijiendea taratibu kwa mteremko uliobaki.

Lakini Jidayi hakusimama. Alizitupa kandambili zake, akaitia baiskeli begani, akakimbia pekupeku juu ya changarawe iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Kila hatua ilimtoa sauti ambayo mama yake asingependa kuisikia.

"Mtazameni huyo!" wakacheka Igulwa. "Baiskeli imempanda!"

"Mpeni nyasi, amekuwa punda!"

Jidayi akakimbia. Malugu akapunga. Jidayi akakimbia. Malugu akapunga. Walipokuwa karibu na mstari, Jidayi akajikwaa. Na katika kuanguka kule, akaishika baiskeli kwa gurudumu la nyuma kwa mikono yote miwili, akaisukuma mbele kama mtu anayerusha mkuki asiotaka kuuachia. Akaanguka kwa tumbo. Mikono imenyooka. Na gurudumu la mbele likatua juu ya majivu, pufu!

Ndipo gurudumu la Malugu likafika. Lilikuwa nyuma kwa kiganja kimoja, na lilivuka mkono wa mwenyewe ungali juu, unapunga.

Wote wakamtazama Lubango.

Maskini Lubango! Alikuwa ameona sawasawa. Aliona gurudumu lipi lilitangulia. Lakini aliona pia mtu amelala kifudifudi, mwili wake wote uko nyuma ya mstari, na mtu mwingine ameketi juu ya baiskeli kama binadamu wa heshima. Akafikiri: mbio za baiskeli si lazima mtu awe juu ya baiskeli? Kwa kuogopa kukosea mara ya pili, akakosea mara ya pili.

"Malugu wa Igulwa!" akatangaza.

Igulwa wakalipuka. Malugu akashuka, akajitazama tena kiooni ahakikishe kwamba aliyeshinda ni yeye.

"Pingamizi!" ikasikika sauti.

Alikuwa Kabula.

Pingamizi! Neno hilo halikuwa limesikika uwanjani pale kwa muda mrefu, na kila mtu alijua sababu. Anayempinga mwamuzi lazima afunge mnyama wake kwenye nguzo. Akishinda, anamfungua. Akishindwa, mnyama anachinjwa palepale, analiwa na watu wote, na aliyepinga anakatazwa hata kulamba mfupa. Kwa sababu hiyo waamuzi wa nchi ile hawakuwahi kukosea. Nani angewaambia?

Kabula alikuwa na mnyama mmoja tu: yule maksai wake aliyekokota mkokoteni wa ngoma. Akamfungua nira, akampeleka kwenye nguzo, akamfunga.

"Dada Kabula," akanong'ona Jidayi, angali chini, "una hakika?"

"Funga mdomo wewe, utoe kwanza changarawe."

Igulwa walikuwa wamekwisha kuanza kunoa visu. Mmoja akauliza nani ana chumvi. Mwingine, mtu asiye na haya kabisa, akampapasa maksai wa Kabula nundu, akasema, "Hapa ni pangu."

"Sema hoja yako, dada," akasema Lubango.

"Sheria inasema baiskeli inayoshinda ni ile ambayo gurudumu lake la mbele litagusa majivu kwanza, mwendeshaji akiwa hajaiachia. Haikusema awe amekaa, amesimama au amelala. Jidayi aliiachia?"

"Hakuiachia," akakiri Lubango. "Hata sasa hajaiachia."

"Sheria hiyo haipo!" wakapiga kelele Igulwa. "Haijawahi kuwapo! Mbio za baiskeli ni za kupanda!"

"Haijawahi kuwapo?"

"Haijawahi!"

"Apeni."

"Tunaapa!"

Kabula hakubishana nao. Alichukua manyanga yake kutoka mkokotenini, akayatikisa mara moja, mara mbili, akaanza wimbo. Na haukuwa wimbo wa Mwang'ombo. Ulikuwa wimbo wa Igulwa wenyewe, ule waliotunga mwaka wa nzige waliposhinda wao, ule waliouimba harusini, msibani na kwenye foleni ya kisima mpaka majirani wakaomba radhi kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

"Pancha ilikuwa ya nani?" akaimba Kabula.

Jueni jambo moja kuhusu watu wa Igulwa. Wanaweza kuiacha kweli, wanaweza kuacha deni la shukrani, lakini kiitikio hawawezi kukiacha. Midomo ikafunguka yenyewe:

"Ya kwetu!"

"Na bingwa alivuka vipi?"

"Kwa miguu! Kaibeba kama mtoto!"

"Mwamuzi akasemaje?"

"Gurudumu limegusa! Gurudumu limegusa!"

"Na maksai kaenda wapi?"

"Igulwaaa!"

Walinyoosha ile "a" ya mwisho kama kawaida yao, mabega yakicheza, visu juu. Ndipo wa kwanza akanyamaza. Kisha wa pili. Kisha mpiga ngoma wao, aliyekuwa mlevi kidogo, akaendelea peke yake beti mbili zaidi, akieleza jinsi bingwa wao alivyokuwa amelikumbatia tairi, hadi mkewe alipompiga kofi la kisogo.

Mwang'ombo walicheka wakaangukiana. Lubango akacheka akakaa chini.

"Jamani," akasema, "nimewahi kuona mtu anajikwaa kwenye jiwe, kwenye mzizi, kwenye kamba ya mbuzi. Lakini kwenye kiitikio chake mwenyewe!" Akainuka. "Nilikosea. Hii ni mara ya pili leo, na jua halijatua. Mwang'ombo wameshinda."

Malugu akapanda baiskeli yake mpya akaondoka bila kuaga.

"Punga basi!" wakamwambia. "Wapungie hata kuku!"

Kabula akamfungua maksai wake kwenye nguzo. Akamrudisha kwenye mkokoteni wa ngoma, akamfunga nira.

Ingekuwa hadithi ya watu wenye akili, ingeishia hapo. Lakini Mayu Nshoma akamleta yule maksai wa zawadi, akaiweka kamba mkononi mwa Lubango, akasema, "Kamba moja, mkono mmoja." Na mbele ya Lubango ikanyooshwa mikono mitatu.

Ushindi ulikuwa na umri wa dakika chache tu, na walioupata walikuwa wamekwisha kuacha kutazamana.

Jidayi akawa wa kwanza, nyayo zake zikivuja damu.

"Nileteeni. Nani alikimbia? Mimi. Nani aliungua miguu? Mimi. Nani alianguka kwa tumbo mbele ya wakwe zake watarajiwa? Mimi. Gurudumu linaweza kukimbia peke yake? Liwekeni hapo chini tulitazame. Na mdomo unaweza kubeba baiskeli? Ubebeni tuone. Bila miguu yangu, mngekuwa mnaimba nini sasa?"

Mihayo aliyekuwa amefika kwa miguu, baiskeli yake yenye jicho moja begani, akamjibu kwa upole unaouma.

"Miguu. Sawa. Miguu hiyohiyo iliyoingia korongoni kwa sababu macho yalikuwa kwa wasichana? Mimi sikuanguka, Jidayi. Gurudumu langu lilikuwa zima kwa sababu nililiangalia. Miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kupita nikakuacha unaoka chapati yako. Nilivua changu nikakupa, nikakaa kando nikachekwa na watu wanaotaka kuninunua kwa kilo. Na kilichogusa majivu ni nini? Wewe? Wewe ulikuwa nyuma, unakula vumbi. Kilichogusa ni kile nilichokitoa. Mtu aliyejitoa mbioni ili mwenzake ashinde, akinyimwa, basi tuwafundishe watoto wetu kupita tu."

"Ungepita ukafika kesho kutwa!"

"Ningefika nimekaa."

Watu wakasema "Eeeh!" kwa furaha. Hakuna kitu kinachowapendeza watazamaji kama washindi wanaovuana nguo.

Kabula akayaweka manyanga chini.

"Mmemaliza? Miguu ilikimbia, gurudumu liligusa, na maksai akapewa nani? Malugu! Mlikuwa mmeshindwa nyote wawili, na miguu yenu, na gurudumu lenu. Wewe Jidayi ulikuwa umelala. Wewe Mihayo ulikuwa ungali njiani. Ninyi mngepoteza nini kama tungeshindwa? Wewe jasho, wewe nati. Mngerudi nyumbani na maksai wenu mmojammoja kama mlivyokuja. Mimi ningerudi bila hata yule. Mvua inakuja, nina watoto na mbuga nzima ya kulima, nikamfunga mnyama wangu wa pekee kwenye nguzo watu wakinoa visu. Yule aliyemshika nundu mmemsahau? Mimi sijamsahau. Alikuwa na mikono ya mafuta kabla nyama haijapikwa."

"Lakini dada," akasema Jidayi, "wewe uliimba tu."

"Na wewe ulianguka tu."

Lubango akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa amani. Kila penye ugomvi alitafuta mzaha wa kuutorokea, na mara nyingi aliupata. Safari hii aliingiza mkono mfukoni, akakuta miwani tu.

"Mayu Nshoma," akajaribu, "je, kama wangemtumia kwa zamu? Leo huyu, kesho yule..."

"Mliwahi kumzika mmoja kwa zamu," akasema Mayu Nshoma. "Ngozi yake mliigombea siku ileile."

"Basi mmoja amuunganishe huyu na wake alime, na wawili wasubiri mwakani?"

"Asubiri nani?" wakauliza wote watatu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la mwisho walilokubaliana.

Ngurumo ikapita mbali, upande wa magharibi. Harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua. Watu wakainua nyuso, kisha wakazishusha upesi wasikose matusi yanayofuata. Na matusi yalifuata. Jidayi alimwambia Mihayo kwamba gurudumu lake lilikuwa na upepo kidogo, ndiyo maana alilitoa kwa ukarimu. Mihayo alimwambia Jidayi kwamba hata mnyororo ulikatika kwa aibu ya kumbeba. Kabula aliwaambia wote wawili kwamba mwakani atawaimba, na wakamwomba asifanye hivyo, na akasema keshapata beti tatu.

Lubango akawatazama. Asubuhi walikuwa wameshiriki togwa katika kata moja. Sasa kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake mwizi.

Akajaribu kupima. Moyoni akamnyima Jidayi kamba, akaona mwaka ujao: mnyororo unakatika, na kijana anakaa chini kando ya baiskeli yake, anasema, "Nikimbie niunguze miguu, ili nani apewe?" Akamnyima Mihayo kamba, akaona mwaka ujao: gurudumu linajikunja korongoni, na mwenzake anapita akipiga kengele. Akamnyima Kabula kamba, akaona mwaka ujao: mwamuzi mwenye miwani ya kusomea anakosea, na uwanja mzima unanyamaza, kila mmoja amemshika mnyama wake asikaribie nguzo.

Miguu bila gurudumu, bure. Gurudumu bila miguu, bure. Miguu na gurudumu bila mdomo, maksai kaenda Igulwa. Alizungusha hivyo, akazungusha tena, na kila alipozungusha alirudi palepale, kama alivyopotea siku moja njia ya Ndola akaupita mnara uleule hadi mlinzi akaanza kumpungia.

Tone la kwanza likamwangukia juu ya kipara. Maksai akatikisa masikio, akatafuta kwa macho ni nani anayempeleka nyumbani.

Ndipo Lubango, kamba mkononi, akawageukia watu wa Mwang'ombo na watu wa Igulwa, waliosimama na waliopanda mikokoteni, kama hadithi hii inavyowageukia ninyi mlioketi hapa, akainua sauti:

"Jamani, mmeona yote. Mimi nimekosea mara mbili leo na sitaki ya tatu. Yupo aliyekimbia pekupeku juu ya moto hadi nyayo zikachanika. Yupo aliyekuwa na uwezo wa kushinda mwenyewe, akavua chake akampa mwenzake. Yupo aliyeutia hatarini mnyama wake wa pekee ili haki ya wote isiliwe. Mvua ndiyo hii, na kamba ni moja. Je, nani kati yao alistahili?"

Mama mmoja wa Mwang'ombo, aliyekuwa ameketi mbele kabisa tangu asubuhi akitafuna karanga, akakung'uta maganda kwenye khanga yake, akajitwika kigoda chake kichwani kujikinga na mvua.

"Amua mwenyewe, baba," akasema. "Sisi tulikuja kucheka."